Mmea wako umelegea jioni? Usikimbilie maji

NI saa kumi na mbili na nusu jioni. Umerejea nyumbani kutoka kazini, umewasha taa ya sebuleni, na jambo la kwanza unaloliona ni ule mmea ulioununua mwezi uliopita kwa mwuza miche wa kando ya barabara. Asubuhi uliuacha umesimama imara, majani yamekunjuka. Sasa umeinamisha kichwa mithili ya mtu aliyepokea habari za msiba. Aghalabu mkono huenda moja kwa moja kwenye kikombe cha maji.

Hapo ndipo mimea mingi ya ndani ya nyumba hukutana na mauti yake. Kulegea kwa majani jioni huwa na sababu tatu kuu zilizo tofauti kabisa, na katika mbili kati ya hizo maji hayana faida yoyote. Ya kwanza ni kiu. Ya pili ni usingizi, naam, usingizi. Ya tatu ni mizizi iliyozama na kuoza, maradhi ambayo mwenye mmea huyazidisha kwa huruma yake mwenyewe.

Tuanze na kiu. Jani laini halina mfupa. Kinacholifanya lisimame ni maji yaliyojaa ndani ya seli zake, yakizisukuma kuta za seli hizo kama upepo unavyoukaza mpira wa gurudumu la baiskeli. Upepo ukipungua, gurudumu hulegea, na jani vivyo hivyo. Aidha, kwenye jani, hasa upande wa chini, kuna vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, viitwavyo stomata. Mchana vitundu hivi hufunguka ili mmea uvute hewa ya kaboni inayohitajika katika kutengeneza chakula kwa nguvu za mwanga. Lakini mlango ulio wazi hauchagui: huku hewa ikiingia, mvuke wa maji hutoka. Zaidi ya asilimia 90 ya maji yote yanayofyonzwa na mizizi hupotea hewani kwa njia hiyo.

Jua linapokuwa kali, maji hutoka majanini upesi kuliko mizizi inavyoweza kuyaleta. Deni huanza kukua tangu adhuhuri. Mmea uliowekwa kwenye dirisha linalotazama magharibi huumia zaidi, kwa kuwa jua huupiga kati ya saa tisa na saa kumi na moja, wakati ambapo chumba nacho kimekwisha kupata joto. Mmea wa shambani huweza kuteremsha mizizi yake kutafuta unyevu. Huyu mfungwa wa chungu hana budi kuridhika na vikonzi vichache vya udongo aliopewa. Ndiyo maana mtu hutoka nyumbani mmea ukiwa mzima na kuukuta jioni umelala.

Hapa inafaa kutaja jambo moja ambalo huwapotosha wengi. Vitabu vya kutunza mimea vilivyoandikwa Uingereza au Marekani hushauri kuwa dirisha la kusini ndilo lenye jua na la kaskazini ni la kivuli. Nairobi iko karibu mno na ikweta. Huku jua hupita upande wa kaskazini katikati ya mwaka, na upande wa kusini mwezi wa Desemba. Chungu kilichokaa salama dirishani mwezi wa Juni huenda kikababuka Desemba bila mwenyewe kukisogeza hata inchi moja.

Usiku unapoingia, stomata za mimea mingi hufunga, lakini mizizi huendelea kufyonza. Deni la mchana hulipwa gizani. Pengine umewahi kupita alfajiri kwenye shamba la nduma ukaona matone ya maji yakining'inia kwenye ncha za majani. Wengi hudhani huo ni umande tu, ilhali matone mengi ya aina hiyo husukumwa na mizizi kutoka ndani ya mmea wenyewe, kwa kuwa maji yameingia usiku kucha na hayana pa kwenda.

Kutokana na hayo kuna mtihani mmoja rahisi unaowashinda wataalamu wote wa dukani: utazame mmea wako alfajiri, kabla jua halijaufikia. Iwapo ulilegea jioni lakini umesimama wenyewe kufikia asubuhi, ulikuwa umechoka tu kwa joto, au ulikuwa umelala. Iwapo bado umelegea alfajiri, hapo pana tatizo.

Sasa usingizi. Mmea uitwao maranta, wenye majani ya kijani yaliyochorwa mistari myekundu, hutandaza majani yake mchana na kuyasimamisha jioni kama viganja vya mtu anayeomba dua. Oksalisi yenye vijani vitatu vya zambarau hufanya kinyume: huviteremsha na kuvikunja kama mwavuli. Mtu asiyejua akiiona oksalisi saa moja usiku ataapa kuwa inakufa kwa kiu, kumbe imefumba macho.

Mkulima wa maharagwe hawezi kushangazwa na jambo hili, kwani majani ya maharagwe nayo huning'inia usiku na kuinuka kunapopambazuka. Mkwaju hukunja vijani vyake, na lusina pia. Watoto waliochezea kifauongo wanajua kwamba ukiugusa hunywea papo hapo, ila wachache hukaa nao hadi magharibi kuona kwamba hunywea hata bila kuguswa.

Ukichunguza shina la jani la mimea ya aina hii utaona kijivimbe mahali linapoungana na tawi, au penye kiungo cha jani lenyewe. Hiyo ndiyo bawaba. Wakati wa kulala ukifika, seli za upande mmoja wa kijivimbe hutoa chembechembe za potasiamu, maji huzifuata, na seli hizo husinyaa. Za upande wa pili hujaa. Jani hupinda kuelekea upande uliosinyaa. Asubuhi kazi hufanywa kinyume. Tazama basi tofauti: jani lenye kiu limepoteza maji mwili mzima, lakini jani lililolala limeyahamisha tu kutoka chumba kimoja hadi kingine. Ukiligusa lililolala utalikuta gumu na lenye afya. Lenye kiu ni teketeke kama kitambaa kilicholowa.

Mwanzoni wasomi walidhani ni giza linaloamuru haya yote. Mnamo mwaka wa 1729, mwanafalaki Mfaransa Jean-Jacques d'Ortous de Mairan alifanya jaribio dogo ambalo mtu yeyote anaweza kulirudia nyumbani. Aliuweka gizani mmea unaofunga majani jioni. Giza lilikuwa mchana na usiku, lakini majani yaliendelea kufunguka saa za mchana na kufunga saa za usiku, kana kwamba mmea ulilijua jua bila kuliona. Ilibainika baadaye kwamba mmea una saa yake ndani, na kwamba mwanga huirekebisha tu saa hiyo isije ikaenda mbele au ikabaki nyuma. Utafiti wa namna saa za aina hii zinavyofanya kazi ndani ya seli, uliofanywa kwa nzi wadogo wa matunda, uliwapa Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, Tuzo ya Nobeli mwaka wa 2017.

Huku kwetu, ambako mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima, maranta huhesabu saa kama Mswahili: siku huanza jua linapochomoza, na usiku huanza linapotua. Taa ya umeme inayowaka sebuleni hadi saa sita usiku inaweza kuikoroga hesabu hiyo, ingawa haitauua mmea.

Faida ya usingizi huo ni nini? Charles Darwin alilishughulikia swali hili katika kitabu alichokichapisha mwaka wa 1880 akisaidiwa na mwanawe Francis. Aliyabana baadhi ya majani yasiweze kujikunja, akayaacha nje usiku wa baridi kali, na akaona yakidhurika kuliko yaliyojikunja. Alihitimisha kuwa kulala hulinda jani lisipoteze joto. Maelezo hayo yanafaa Uingereza. Kwa mkwaju wa Mombasa hayaridhishi sana, na mjadala haujafungwa.

Sababu ya tatu ndiyo yenye hasara. Mizizi hupumua. Huhitaji hewa ya oksijeni iliyo katika nafasi ndogo baina ya punje za udongo. Ukimwaga maji kila jioni, nafasi hizo hujaa, mizizi hukosa pumzi na kufa, kisha kuvu na vimelea vingine huingia kuikamilisha kazi. Mzizi uliokufa haufyonzi. Kwa hivyo mmea hulegea kwa ukosefu wa maji huku umesimama katikati ya maji. Mwenyewe anauona umelegea, anaongeza kikombe kingine. Miye niliua mmea mzuri kwa njia hii, tena katika mtaa ambao maji huja kwa zamu na kila mtungi wa lita 20 una thamani. Niliona haya nilipoung'oa na kukuta matope yanayonuka kama mtaro.

Mmea wenye majani mapana na ua jeupe mfano wa tanga la jahazi, ambao wanabotania huuita Spathiphyllum, ndio unaowachanganya watu zaidi. Ukiwa na kiu huanguka kabisa, na ukinyweshwa husimama baada ya saa chache. Mwenyewe hufurahi na kuufanya mchezo huo kuwa desturi. Siku ukianguka kwa kuoza, dalili ni ile ile. Kwa upande mwingine, Sansevieria, yenye majani marefu yaliyosimama kama sime na ambayo jamaa zake humea mwituni humu humu nchini, hufungua stomata usiku badala ya mchana na huvumilia ukame wa majuma mengi. Ukiuona mmea huo umelegea, karibu kila mara kosa ni maji mengi.

Basi kabla ya kumwaga maji, chovya kidole udongoni kina cha sentimita 3 hadi 5. Inua chungu ulinganishe uzito wake na ulivyokuwa siku uliyoutia maji. Udongo mkavu na chungu chepesi ni kiu: mwagia asubuhi, hadi maji yatoke tunduni, kisha umwage yaliyobaki kwenye kisahani. Ikiwa udongo umekauka hadi ukatengana na kuta za chungu, maji yatateremka pembeni bila kuulowesha. Afadhali ukitumbukize chungu ndani ya karai la maji kwa nusu saa.

Wakazi wa Pwani wanaotegemea visima wana shida ya ziada. Maji ya visima vingi huko yana chumvi, na chumvi ikilundikana chunguni huyazuia maji yasiingie mizizini hata udongo ukiwa umelowa. Utando mweupe juu ya udongo ni dalili yake. Maji ya mvua yakipatikana, yamwage kwa wingi yapite na kuisafisha.

Udongo ukiwa umelowa na mmea bado umelegea alfajiri, utoe chunguni siku hiyo hiyo. Mizizi hai huwa migumu na aghalabu myeupe. Iliyooza huwa ya kahawia, na ganda lake huchunika vidoleni. Kata yote iliyooza kwa kisu safi, punguza na majani kadhaa ili mizizi michache iliyosalia isilemewe, uupande katika udongo mpya uliochanganywa na changarawe, kisha uuweke mahali penye mwanga lakini pasipo jua kali. Mbolea ngoja hadi jani jipya litokeze.