Jogoo wa Singida na soko la chambo cha trauti

Matenga ya kuku wa kienyeji yanayopakiwa Singida mjini, Ikungi, Manyoni na Itigi kwenda Dar es Salaam huhesabiwa kwa kitu kimoja tu, nacho ni nyama. Mnunuzi humnyanyua jogoo, humpima uzito kwa mkono, hutaja bei, na biashara huishia hapo. Hata hivyo, ng'ambo kuna soko ambalo nyama ya jogoo ni mabaki tu, na mali yenyewe ni manyoya ya shingo na ya mgongo. Ni soko la chambo cha bandia cha kuvulia samaki aina ya trauti. Swali kwa mwenye mtaji mdogo ni iwapo mkoa wenye sifa ya kuku kama Singida unaweza kuingia humo na kutoka na faida.

Trauti ni samaki wa maji ya baridi. Walowezi walimleta Afrika Mashariki mwanzoni mwa karne ya 20, na hadi leo anapatikana katika mito ya Mlima Kenya na Nyandarua, na kwa Tanzania katika baadhi ya mito ya miteremko ya Kilimanjaro. Chakula chake kikubwa ni wadudu wa majini na wale wanaoangukia mtoni. Kwa hiyo mvuvi wa starehe huchukua ndoano ndogo, nyingine hazizidi punje ya mchele, akazungushia unyoya wa jogoo kwa uzi mwembamba mpaka ikafanana na mdudu. Unyoya mgumu wenye nyuzi za kulingana hukaa juu ya maji bila kuzama. Ukiwa laini wenye pamba nyingi, hulowa na kuzama.

Mtu asifikirie kuuza bidhaa hiyo Singida kwenyewe. Maziwa ya Singidani na Kindai yana maji ya magadi, na Kitangiri kule Iramba ni ziwa la kina kifupi lenye maji ya tope. Wanaovuliwa huko ni perege na kambale. Kambale hutafuta riziki kwa sharubu na harufu, si kwa macho, hivyo mdudu wa manyoya mbele yake ni kazi bure. Mwenye duka la vifaa vya uvuvi karibu na Kitangiri ataendelea kuuza nyavu, nyuzi na ndoano za kutiwa chambo halisi.

Soko lililo karibu ni Kenya, ambako kwa miongo mingi vimekuwapo viwanda vidogo vya kufunga nzi wa bandia kwa mikono, wafanyakazi wengi wakiwa wanawake, na bidhaa ikipelekwa Ulaya na Marekani. Lakini mnunuzi wa ng'ambo ndiye anayepanga ndoano iwe ya namba gani na unyoya uwe wa rangi na ubora gani. Hapo ndipo jogoo wa kienyeji anapokutana na mshindani mkali.

Mshindani huyo anafugwa Marekani. Kampuni ya Whiting Farms, iliyoanza mwaka 1989 katika jimbo la Colorado, hufuga majogoo waliochaguliwa kizazi baada ya kizazi kwa ajili ya manyoya tu. Jogoo wa namna hiyo hutunzwa karibu mwaka mzima ili manyoya yakomae. Unyoya wake mmoja wa mgongo ni mrefu na mwembamba kiasi cha kutosha kufungia nzi zaidi ya mmoja. Wa jogoo wa kijijini ni mfupi, mpana na wenye pamba nyingi karibu na shina. Unafaa kwa nzi wa kuzama na kwa vyambo vikubwa, daraja ambalo India na China zimekuwa zikiliuza kwa bei ya chini. Kwa maneno mengine, Singida ikiingia sokoni leo itaingia kwa mlango wa bei ndogo, ambapo faida hutokana na wingi.

Na wingi huo una tatizo ambalo wengi hawalioni. Kuku wa Singida huondoka mkoani akiwa hai. Anachinjwa Dar es Salaam, katika masoko kama Kisutu na Shekilango, ananyonyolewa kwa maji ya moto, na manyoya yake huchanganyika na damu na kutupwa. Fundi wa nzi hataki manyoya ya kuokota kwenye pipa. Anataka ngozi ya shingo iliyochunwa nzima ikiwa kavu, ikakwanguliwa mafuta, ikatiwa chumvi au borax, ikakaushwa bapa, manyoya yote yakiwa yamelala upande mmoja. Sasa muulize mama lishe au mwenye hoteli kama atanunua jogoo aliyechunwa ngozi ya shingo na mgongo kwa bei ile ile. Atashusha. Tofauti hiyo ndiyo gharama halisi ya malighafi, na mwenye kupiga hesabu ya manyoya kama kitu cha bure ameanza kwa hasara.

Juu yake kuna karatasi. Kwa sababu ya mafua ya ndege na mdondo, nchi za Ulaya na Marekani haziruhusu manyoya ghafi kuingia kiholela. Huhitajika cheti cha afya ya mifugo, na mara nyingi uthibitisho kwamba manyoya yametibiwa. Gharama hizo hazibebeki kwa kifurushi cha kilo mbili.

Wapo watakaokumbuka mwaka 2011. Mwaka huo wasichana wa Marekani walianza kufunga manyoya marefu ya jogoo kwenye nywele zao, hasa baada ya mwimbaji Steven Tyler kuonekana nayo kwenye televisheni. Maduka ya wavuvi yalimalizwa, na bei ya manyoya ya mgongo ikapanda maradufu na zaidi. Wafugaji hawakuweza kuongeza mzigo haraka kwa kuwa jogoo wa manyoya hakomai kwa miezi miwili. Mitindo ikabadilika, na bei ikashuka. Aliyeanza kufuga bei ilipokuwa juu alifika sokoni wateja wameshaondoka.

Penye nafuu kidogo ni kwa kanga. Manyoya yake yenye madoa meupe hutumika kutengenezea miguu na ndevu za nzi, na hayahitaji ukoo maalumu wa kuzalisha, kwani madoa hayo ni ya asili kwa kanga wa kawaida. Mwenye kufuga kanga anaweza kuokota yaliyokomaa wakati wa kupukutisha, akayachambua kwa ukubwa, na ndege akabaki hai. Ila awe ni kanga wa kufugwa. Wa porini analindwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na manyoya yake bila kibali ni nyara.

Kuna pia upande wa vyambo vya kale, ambao ni biashara ya wakusanyaji. Chambo cha shaba cha Riley Haskell, aliyepata hataza yake mwaka 1859 kule Ohio, kiliuzwa mnadani mwaka 2003 kwa dola 101,200. Vyambo vya mbao vya kampuni ya Heddon ya Michigan, vyenye macho ya kioo, navyo hutafutwa. Anayekuta kasha la zamani la vifaa vya uvuvi asilisugue wala kulipaka rangi. Rangi ya asili, jina la mtengenezaji na boksi lake ndivyo vinavyotia bei.

Kwa mfugaji wa Ikungi au Manyoni mwenye fedha za kuwekeza msimu huu, ushindani ni kati ya manyoya na chanjo. Mdondo ukiingia kijijini unaweza kumaliza banda zima kwa siku chache. Chanjo ya I-2, inayotengenezwa nchini na kuhimili joto kuliko chanjo za kawaida, hutolewa kwa tone la jicho na kurudiwa kila baada ya miezi 3 au 4. Kuku waliopona mdondo wana soko la nyama leo hii. Biashara ya ngozi za shingo itaanza kuwa na maana siku machinjio ya kuku yatakapokuwa Singida na nyama ikasafiri kwa barafu, maana hapo shingo na mgongo vitabaki mikononi mwa anayechinja.