Je, Wajua? Aliyepika, Aliyelea, Aliyekesha

Je, wajua kwamba Galula, kata ya Wilaya ya Songwe, inafahamika zaidi kwa wataalamu wa mifupa ya kale kuliko kwa Watanzania wengi? Tabaka zima la miamba ya bonde la Rukwa limepewa jina lake, na humo ndimo alimopatikana Pakasuchus, mamba mdogo mwenye magego ya kutafunia, aliyetangazwa duniani mwaka 2010. Leo tuwaache wafu. Tunawauliza walio hai: nani kakupikia, nani kakulea, nani anakesha ukiwa umelala? Majibu yake yana mengi ya kusema kuhusu afya yako.

Je, wajua kwamba mtu ambaye hajaonja kitimoto maisha yake yote anaweza kupata kifafa kwa sababu ya tegu wa nguruwe? Hapa tukae kidogo, maana jambo hili ni la Mkoa wa Songwe hasa. Anayekula nyama ya nguruwe isiyoiva vizuri anaweza kupata tegu tumboni, na mara nyingi hana habari naye. Mayai ya tegu hutoka na choo. Mtu huyo asiponawa kwa sabuni, kisha akasonga ugali au akakatakata kachumbari, mayai huingia kinywani mwa anayekaribishwa. Yakishaanguliwa tumboni, viluwiluwi vyake husafiri na damu, vingine hadi kwenye ubongo, na huko huleta degedege la watu wazima. Kwa hiyo aliyekula nyama anaweza kuwa shemeji, na anayeanguka akawa mtoto wa dada.

Utafiti wa vijiji 13 vya Mbozi, mkoani humo, uliochapishwa mwaka 2013, ulikuta dalili za viluwiluwi hao katika damu ya takriban mtu mmoja kati ya sita. Nguruwe anayezurura na kula kinyesi ndiye anayefunga mzunguko, ndiyo maana zizi na choo ni dawa sawa na vidonge. Na kwa kuwa bado wapo wanaomkimbia mgonjwa aliyeanguka: povu la kifafa haliambukizi. Msogeze mbali na moto, mlaze ubavu, wala usimtie kijiko mdomoni.

Je, wajua kwamba bibi anaweza kuongeza kilo za mjukuu? Mwanaanthropolojia Kristen Hawkes na wenzake walikaa na Wahadzabe karibu na Ziwa Eyasi, wakawapima watoto na kuangalia nani analeta chakula. Kwa kawaida uzito wa mtoto aliyeachishwa ziwa ulifuata bidii ya mama yake kuchimba mizizi. Mama akijifungua mwingine, uhusiano huo ulikatika: uzito wa yule mkubwa sasa ulifuata bidii ya bibi. Kutoka hapo likazaliwa wazo kwamba wanawake huishi miaka mingi baada ya ukomo wa hedhi kwa sababu wajukuu waliolishwa na bibi walipona zaidi.

Je, wajua kwamba si lazima familia nzima ilale wakati mmoja? Watafiti waliwafungisha Wahadzabe 33 vifaa vya kupima usingizi kwa siku 20. Muda wote huo, dakika ambazo wote walikuwa usingizini kwa pamoja zilikuwa 18 tu. Wazee walitangulia kulala na kuamka, vijana walichelewa. Basi babu anayeamka saa tisa za usiku na kuanza kuchochea moto pengine si mgonjwa wa usingizi. Yuko zamu.

Je, wajua kwamba kifua cha mtu ni tiba? Mwaka 2021 yalitoka matokeo ya utafiti wa nchi tano, Tanzania ikiwemo, kuhusu watoto waliozaliwa na uzito mdogo. Waliowekwa kifuani, ngozi kwa ngozi, mara tu baada ya kuzaliwa, vifo vyao katika siku 28 za mwanzo vilipungua kwa robo vikilinganishwa na waliosubiri kwanza hali zao zitulie. Mama akizidiwa, ndugu wa kike aliweza kumpokea.

Je, wajua kwamba wake wengi si lazima wamaanishe watoto dhaifu? Mwaka 2015 ulitoka utafiti wa vijiji 56 vya kaskazini mwa Tanzania. Ndani ya kijiji kimoja, watoto wa nyumba zenye mitala hawakuwa na hali mbaya kuliko majirani zao. Ukame wa eneo ulieleza mengi zaidi. Waume wasikimbilie kuukata ukurasa huu na kuubandika sebuleni: walipimwa watoto na chakula, si raha ya mioyo ya wake.

Je, wajua kwamba upweke unaua? Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2025 kuwa unahusishwa na vifo zaidi ya 871,000 kwa mwaka.

Je, wajua kwamba chai ya rangi inayoshushia maharage huzuia mwili kunyonya madini ya chuma yaliyomo? Mjamzito na mtoto ndio wanaoumia zaidi. Chai isubiri kama saa moja baada ya chakula. Wakati wa kula, kamulia ndimu kwenye mboga, maana hiyo husaidia chuma kuingia.