KIPUPWE: WAKATI WA KUOTESHA MICHE YA MBOGA KATIKA MAKOPO

Mvua za Masika zinapomalizika na upepo wa Kusi kushika nguvu, visiwa vya Unguja na Pemba huingia katika kipupwe, msimu unaoanzia mwezi wa Juni. Huu ndio wakati wetu wa baridi: mvua ni haba, jua limepoa, na usiku mtu hutafuta shuka ya kujifunika. Wako wanaouhesabu msimu huu kuwa ni wa mapumziko baina ya Masika na Vuli. Makala hii inakusudia kueleza kwamba kwa mkaazi asiye na shamba, na hususan mfanyakazi wa mjini, kipupwe ni wakati bora wa kuotesha miche ya mboga nje ya nyumba katika makopo, madumu na vifuu.

Faida yake

Mboga nyingi zinazouzwa katika masoko yetu huletwa kutoka Tanzania Bara kwa njia ya bahari. Bahari ikichafuka, vyombo huchelewa, na mwenye kulipa gharama ni yule anayekwenda sokoni na kikapu. Aidha, ardhi ya upande wa mashariki ya Unguja ni ya maweni, yenye udongo haba baina ya mawe. Na mjini ua aghalabu umetiwa saruji. Kwa sababu hizo watu husema hawana pa kupanda.

Kauli hiyo ina ukweli, lakini si ukweli wote. Mbegu mia moja za tungule, katika wiki zake tatu za mwanzo, hazihitaji nafasi kubwa kuliko sinia moja. Hasara kubwa hutokea katika wiki hizo hizo: mbegu iliyomwagwa ardhini huchukuliwa na sisimizi, huparuliwa na kuku, au huliwa na konokono ingali changa. Mbegu hugharimu fedha. Anayeiotesha katika kopo huilinda pale inapohitaji ulinzi zaidi.

Kipupwe kina fadhila nyingine. Maua ya tungule hupukutika katika joto kali. Miche iliyooteshwa mwezi wa Juni na kuhamishwa mwezi wa Julai hutoa maua kabla ya joto la Kaskazi kufika.

Desturi ya nchi za theluji

Katika nchi za baridi kali, kama vile Marekani na Kanada, wako watunza bustani wanaopanda mbegu katika madumu ya maziwa yanayopitisha mwanga, kisha wakayaacha nje kwenye theluji. Dumu hukatwa katikati, hutiwa udongo, kisha hufungwa tena, na mbegu hungojea humo mpaka hali ya hewa ipate joto. Baadhi ya mbegu za huko haziamki mpaka zionje baridi kwanza.

Jambo hilo lisiigwe kama lilivyo. Mbegu za tungule, bilingani na pilipili hazihitaji baridi ili ziote, na dumu lililofungwa likawekwa katika jua letu hugeuka tanuri. Linalofaa kuchukuliwa ni kanuni yake: kuweka mbegu nje, katika chombo kidogo kinachotazamika kila siku, katika msimu unaoafikiana nayo.

Chombo na udongo

Kopo la maziwa ya unga, ndoo iliyopasuka au dumu la mafuta ya kula lililokatwa ubavu, vyote vinafaa. Kina kisipungue sentimita 8. Kifuu cha nazi chenye macho kinafaa kwa mche mmoja, kwani jicho lake laini likitobolewa huwa tundu la kutolea maji. Makopo yaliyokuwa na rangi au dawa za kuulia wadudu yasitumiwe kabisa. Mifuko ya plastiki pia si ya kutafutwa, kwani ilipigwa marufuku Zanzibar tangu mwaka 2006. Kila chombo kitobolewe matundu kadhaa chini yake.

Udongo uchanganywe kwa kipimo hiki: sehemu mbili za udongo mweusi, sehemu moja ya samadi iliyooza vyema, na sehemu moja ya mchanga. Mchanga wa pwani una chumvi, nao haufai. Kisha udongo umwagiwe maji yanayochemka na uachwe upoe kwa siku nzima. Kazi hii ndogo hupunguza ugonjwa wa kinyausi, ambao ni ukungu wa udongoni unaokata mche usawa wa ardhi. Mche ulioanguka kwa kinyausi hauponi. Dawa yake ni kuuzuia kabla.

Mahali pa kuweka

Wengi hukosea hapa. Katika miezi ya Juni na Julai jua letu hupita upande wa kaskazini, ilhali upepo wa Kusi hutoka upande wa pili. Kwa hivyo makopo yapangwe upande wa kaskazini wa ukuta, yaani upande wa kibla. Hapo miche hupata jua, na ukuta huikinga na upepo unaokausha udongo na kuvunja mashina. Jua la adhuhuri lipunguzwe kwa kuti moja la mnazi lililoinuliwa juu ya vijiti.

Wakaazi wa nyumba za ghorofa, kama zile za Michenzani, wanaombwa kutoweka makopo juu ya ukingo wa roshani. Yawekwe chini, ndani ya ukingo, au yafungwe kwa waya. Upepo wa Kusi haubagui kopo wala kichwa cha mpita njia.

Kupanda na kumwagilia

Mbegu za tungule, bilingani na pilipili boga zipandwe kwa kina cha nusu sentimita, zikiachana kwa upana wa kidole. Tungule huota takriban siku ya tano hadi ya nane. Pilipili huweza kuchukua wiki mbili, na mwenye haraka asiifukue kuitazama. Bamia na karoti zipandwe moja kwa moja pale zitakapokua, kwa kuwa hazipendi kuhamishwa.

Maji yatiwe asubuhi kwa kopo lenye matundu madogo, kabla ya kwenda kazini. Miche inayolala na maji majanini hualika maradhi. Kabla ya kumwagilia, kidole kitiwe udongoni: kikitoka na unyevu, maji yangojee.

Kuhamisha

Mche wa tungule huwa tayari baada ya wiki nne, ukiwa na majani manne au matano ya kweli. Bilingani na pilipili huhitaji wiki sita na zaidi. Katika siku saba za mwisho kuti liondolewe na maji yapunguzwe ili mche uzoee. Uhamishwe jioni, pamoja na udongo wake. Asiye na ardhi auhamishie katika ndoo ya lita 20 iliyotobolewa, mche mmoja kwa ndoo.

Tahadhari ya afya

Kopo lisilotobolewa, au kisahani kinachobaki na maji chini yake, huwa mazalio ya mbu. Mbu anayeeneza homa ya dengi hupenda vyombo vidogo kama hivyo. Homa hiyo si ngeni kwetu: mwaka 1870 ilienea katika mji wa Zanzibar, na watu wakaiita kidingapopo. Visahani vimwagwe na kusuguliwa angalau mara moja kila wiki. Bustani ya makopo isiwe sababu ya maradhi kwa jirani.

Haba na haba hujaza kibaba. Makopo sita hayatamaliza haja ya soko, lakini yanaweza kuipunguzia nyumba moja safari zake za sokoni. Wananchi wanaohitaji maelezo zaidi wanashauriwa kumuona bwana shamba au bibi shamba wa eneo lao, au kuuliza kwa Sheha wa shehia yao.