Je, Wajua? Jiwe la Ua la Malkia Lilitoka Shinyanga

Malkia Elizabeth II wa Uingereza alikuwa na ua la almasi la kubana kifuani. Jiwe lake la katikati, la rangi ya waridi, lilichimbwa katika mgodi wa Mwadui, Shinyanga, mwaka 1947. Lilipotoka ardhini lilikuwa na karati 54.5. Lilipokatwa na kung'arishwa zikabaki 23.6, zaidi ya nusu ilikwenda na vumbi! Jiwe hilo lilikuwa zawadi ya harusi kutoka kwa John Williamson, mjiolojia wa Kanada aliyeanzisha mgodi huo mwaka 1940.

Ukitoka Shinyanga mjini, ukapita Kolandoto yenye hospitali kongwe ya misheni, barabara ya Mwanza itakufikisha Maganzo. Mwadui iko jirani. Hapa ndipo msailiwa wa ajira za serikali anapoweza kuteleza akiulizwa Mwadui iko wapi: mkoa ni Shinyanga, sawa, lakini wilaya ni Kishapu. Si Kahama.

Mtego mwingine ni Geita ya dhahabu. Kama mkoa, ni ya mwaka 2012 tu. Ulimegwa kutoka Mwanza, Shinyanga na Kagera: Bukombe ilitoka Shinyanga, Chato ikatoka Kagera. Ramani ya zamani ukutani itakuponza.