Kiharusi na magonjwa ya moyo: vifo vinavyoweza kupunguzwa

Mama, huenda hapa Majimoto umewahi kumuuguza mtu aliyepooza upande mmoja. Jana alikuwa kwenye mpunga, leo hawezi kuinua mkono. Wengine husema karogwa. Mara nyingi chanzo ni presha iliyokaa juu kwa miaka bila mwenyewe kujua, kwa kuwa presha kwa kawaida haina maumivu.

Takwimu zinaonyesha nini?

Kati ya mwaka 1992 na 1995, watafiti walifuatilia vifo Dar es Salaam, Hai na Morogoro Vijijini. Kwa wanawake wa miaka 15 hadi 64, kiharusi kiliua kila mwaka watu 88 katika kila 100,000 Dar es Salaam, na 27 Morogoro Vijijini. Uingereza na Wales hawakufika 9. Kwa hiyo hata kijijini vifo vilikuwa mara tatu ya huko.

Zamani nchi tajiri nazo zilipoteza wengi. Tangu miaka ya 1970 vifo hivyo vimepungua huko kwa zaidi ya nusu, kwa sababu watu wengi hupimwa presha, hutumia dawa na wameacha sigara. Hapa Tanzania, utafiti wa mwaka 2012 ulikuta mtu mmoja kati ya wanne wa miaka 25 hadi 64 ana presha ya juu.

Ufanye nini?

- Ukimpeleka mtoto kliniki, omba nawe upimwe presha. Wapeleke pia bibi na babu. Ikifika 140/90 au zaidi, rudi upimwe tena.
- Kama ulipata presha au kifafa cha mimba, hatari yako baadaye ni kubwa zaidi. Endelea kupima hata baada ya kujifungua.
- Ukiandikiwa dawa, usiache kwa sababu unajisikia vizuri. Ndiyo inayokuweka vizuri.
- Punguza chumvi kwenye mboga. Epuka sigara na tumbaku.

Dalili za hatari

Uso kwenda upande, mkono au mguu kukosa nguvu, maneno kukwama, vyote kwa ghafla. Maumivu makali ya kifua nayo ni hatari. Mpeleke mgonjwa hospitali mara moja, hata kama dalili zimepungua. Aliyepata kiharusi usimpe chakula wala maji, anaweza kupaliwa. Kumbuka saa dalili zilipoanza, umwambie mganga.