Unataka kumwona simba laivu na mfukoni pamekauka? Soma hapa

Juzi hapa kafe mshikaji mmoja alifungua picha akasema, "cheki chui huyo." Nikamwambia huyo si chui, ni duma. Tukabishana mpaka muda wake wa nusu saa ukaisha. Kumbe jamaa kazaliwa nchi ya Serengeti lakini hajawahi kuona hata mmoja akiwa hai! Simlaumu. Nauli, gari la kukuzungusha, pa kulala... mtoto wa mlalahoi atatoa wapi?

Kwanza tumalize ubishi. Duma ana madoa meusi yaliyojaa, mwili mwembamba na mistari miwili myeusi kutoka machoni hadi mdomoni kama mtu aliyelia. Chui ni mnene, na madoa yake yamejipanga kama maua yenye uwazi katikati. Halafu chui na simba wanaunguruma, duma hawezi. Yeye anakoroma taratibu kama nyau aliyeshiba, na akimwita mwenzake analia kama ndege. Sitanii.

Sasa wapi pa kuwaona. Ninapopajua vizuri ni Nairobi, kile kituo cha wanyama yatima kilichopo kwenye lango kuu la hifadhi ya Nairobi, barabara ya Lang'ata. Kilifunguliwa mwaka 1964. Utakuta simba, chui na duma, wengi wao waliookotwa wakiwa yatima au majeruhi. Jirani yake kuna Safari Walk, unatembea kwenye daraja la mbao huku wanyama wako chini. Malipo ni kwa mtandao kupitia eCitizen, na raia halipi sawa na mgeni, kwa hiyo beba kitambulisho.

Uganda nenda Entebbe, kando ya Ziwa Victoria. Kituo kile kilianza mwaka 1952 kulea wanyama yatima, baadaye kikawa zuu, na tangu 1994 ni kituo cha elimu ya wanyamapori. Simba wapo.

Kwetu Mwanza kuna Saanane. Hii ndiyo ilikuwa zuu ya kwanza Tanzania, mwaka 1964, ikapewa jina la mzee aliyekuwa akiishi kisiwani kabla ya kuhamishwa. Tangu 2013 ni hifadhi ya taifa, na boti kutoka Capri Point ni mwendo mfupi tu. Ila ukifuata simba, piga simu kwanza uulize.

Nenda asubuhi mapema au jioni. Simba anaweza kulala hadi saa 20 kwa siku, ukifika saa saba mchana utaangalia mgongo.

Sasa kuna jambo linanikaa rohoni. Simba wangu wa kwanza nilimwona kwenye maonyesho fulani nikiwa darasa la nne, niko na mdogo wangu. Kizimba kidogo, jua kali, watu wanamrushia vikopo ili aamke. Alikuwa anapiga hatua nne, anageuka, hatua nne, anageuka. Dogo akaniuliza, "Kaka, anatafuta nini?" Sikuwa na jibu.

Jibu nililipata Nairobi nilipokwenda kwa mjomba baada ya kumaliza form four. Mtunza wanyama mmoja aliniambia, mnyama akizungukazunguka hivyo hatafuti kitu. Ni dalili ya kukosa nafasi na shughuli. Mwili umeumbwa kutembea kilomita nyingi, sasa unarudia hatua zilezile. Nikamuuliza, si mumwachie basi? Akacheka. Simba aliyelelewa na watu hajui kuwinda vizuri, hamwogopi binadamu, kwa hiyo akishikwa na njaa atafuata ng'ombe kijijini. Na akiingia eneo la simba wengine wanaweza kumuua. Elsa wa Joy Adamson alifanikiwa kurudi porini Kenya, lakini alifundishwa kwa muda mrefu, na hata yeye alikufa kwa ugonjwa wa kupe mwaka 1961, akiwa bado kijana.

Kwa hiyo siku hizi nikiingia sehemu naangalia kwanza: je, ana kivuli? Ana maji? Ana mahali pa kujificha asituone? Chui hasa, bila pa kujificha anateseka sana. Mtu akirusha kitu na hakuna anayemkemea, mimi naondoka, na kiingilio chao hawakipati tena.

Dogo sasa yuko form two na bado anamkumbuka yule simba. Nimemwahidi nitampeleka Entebbe likizo ya Desemba, nauli naichanga mdogo mdogo. Kama kuna mdau aliyefika kule karibuni, tupe hapo chini kwenye maoni: vizimba vikoje, na basi kutoka Mwanza linakuangusha wapi?