Filamu Zilizojaa Maduka, Zikakosa Duka

Mwaka 1985 ilitengenezwa kusini mwa jiji la London filamu moja ambayo kisa chake kinazunguka duka la kufulia nguo kwa mashine, nayo ni My Beautiful Laundrette, iliyoandikwa na Hanif Kureishi na kuongozwa na Stephen Frears. Omar, kijana mwenye asili ya Pakistan, anakabidhiwa na ami yake duka lililochakaa. Anamwajiri Johnny, Mwingereza mweupe, rafiki yake wa utotoni ambaye baadaye aliwahi kuandamana na makundi yaliyotaka wahamiaji wafukuzwe nchini. Mtaji wa kulikarabati duka wanaupata kwa kuuza mihadarati waliyoiiba. Na hao wawili, tajiri na mwajiriwa wake, wanapendana kwa siri. Humo mwana wa mhamiaji ndiye mwenye funguo na daftari la hesabu, na mwana wa nchi ndiye mshika ufagio, hata ikawa haiwezekani kueleza nani bwana na nani mtumishi bila kueleza nani anampenda nani. Msomaji wa Kampala, anayekumbuka jinsi Waasia walivyofukuzwa Uganda mwaka 1972 na wengi wao wakaenda kuanza upya maisha ya dukani huko Uingereza, atalielewa daftari hilo upesi kuliko wengine.

Nimeanza na duka la Omar kwa sababu katika miaka arubaini iliyofuata, kila nilipotazama tamthilia za filamu za aina hii, yaani zile zinazotengenezwa nje ya makampuni makubwa na kusimulia habari za rangi, za tabaka na za mapenzi ya jinsia moja, nimekuta duka, mkahawa au kioski katikati ya kisa. Watu wake hawaelei hewani. Wanafanya kazi, wanadaiwa kodi, wanahesabu chenji. Lakini filamu zenyewe, zikitazamwa kama bidhaa, aghalabu zimekosa duka la kuuzwa. Mjadala wa maadili una wenyewe na una mahali pake. Makala haya ni ya daftari la tijara hiyo.

Tuanze na mtaji. Filamu ni bidhaa ya ajabu kuliko nyingi tuzijuazo, kwani gharama yake yote hulipwa kabla ya senti ya kwanza kuingia, na mwenye kuitengeneza hawezi kuuza kipande kimoja ili anunulie kitambaa cha kipande cha pili, kama afanyavyo fundi cherehani. My Beautiful Laundrette iligharimu takriban pauni 650,000, ikapigwa kwa utepe mwembamba wa milimita 16, na haikukusudiwa kamwe kwenda katika kumbi za sinema. Aliyeigharimia ni Channel 4, televisheni iliyoanza kurusha matangazo Novemba 1982, ambayo sheria iliyoiunda iliiwajibisha kuwahudumia watu ambao ladha zao hazikuhudumiwa na wengine. Filamu ilipooneshwa katika tamasha la Edinburgh ikapokewa kwa shangwe kubwa, hata ikabidi iingizwe kumbini. Kisha ikavuka bahari hadi Marekani, na Kureishi akateuliwa kuwania tuzo ya Oscar ya uandishi. Kampuni changa iliyoitengeneza, Working Title, ambayo hiyo ilikuwa filamu yake ya kwanza ndefu, ndiyo ile iliyokuja baadaye kutajirika kwa vichekesho vya mapenzi kama Four Weddings and a Funeral.

Ni muhimu kulizingatia jambo hili, maana hupotoshwa sana na wanaosimulia historia ya sinema kana kwamba ni historia ya mashujaa tu: filamu ile haikuzaliwa na ujasiri wa mfanyabiashara aliyebahatisha mali yake, bali ilizaliwa na taasisi iliyolipa gharama zote mapema kwa kuwa sheria iliitaka ifanye hivyo. Penye mlipaji wa namna hiyo mtunzi hufanya kazi. Pasipokuwa naye mtunzi hugeuka mchangishaji.

Marekani hapakuwa naye. Cheryl Dunye, alipotengeneza The Watermelon Woman, iliyooneshwa mwaka 1996 na inayosimulia mwanamke mweusi, mfanyakazi wa duka la kukodisha kanda za video mjini Philadelphia, anayetafuta habari za mwigizaji mweusi wa zamani ambaye jina lake halisi halikuandikwa popote, aliokoteza fedha huku na huko hadi zikafika takriban dola 300,000. Katika hizo, dola 31,500 zilikuwa ruzuku ya mfuko wa taifa wa sanaa. Kwa ajili ya sehemu hiyo ndogo, kiasi cha moja ya kumi, mbunge mmoja alisimama katika bunge la nchi kubwa na tajiri kudai kwamba fedha kiasi hicho hicho zikatwe katika bajeti ya mfuko ule. Filamu ilipata tuzo mjini Berlin. Ila wenye mifuko ya ruzuku walisikia, na mtoa ruzuku aliyekwisha kutishwa mara moja huwa mzito wa mkono mara ya pili.

Wengine walijaribu njia ya kupunguza gharama. Sean Baker aliipiga Tangerine, iliyotoka mwaka 2015, kwa simu za mkononi, aina ya iPhone 5s zilizofungwa lenzi ndogo za ziada, katika mitaa ya Los Angeles na ndani ya duka la maandazi, kwa takriban dola 100,000; kisa chake ni cha wanawake wawili waliozaliwa na maumbile ya kiume, maskini, wanaoishi kwa biashara ya mwili. Waandishi wengi walishangilia simu zile wakasema tijara imefunguka kwa kila mtu. Mimi nakubali nusu tu ya maneno hayo. Kutengeneza kumekuwa rahisi kweli, lakini kuuza hakukushuka bei hata kidogo, kwa kuwa bango, tangazo, ukumbi na wakala wa mauzo havipigwi kwa simu.

Soko kubwa la bidhaa hii kwa upande wa Marekani limekuwa kwa miaka mingi tamasha la Sundance la kila Januari, ambalo kwa miaka hiyo lilifanyika katika mji wa milimani wa Park City, jimbo la Utah. Mtengenezaji huenda na filamu iliyokwisha kamilika, na aghalabu na madeni yaliyokamilika vilevile. Wasambazaji huketi gizani wakaitazama. Usiku huohuo, akibahatika, huletewa bei. Pariah ya Dee Rees, tamthilia ya msichana mweusi wa Brooklyn anayemficha mama yake, mcha Mungu mwenye kujali hadhi ya familia, mapenzi yake kwa wasichana, ilipita njia hiyo mwaka 2011: ikapata tuzo ya upigaji picha, ikanunuliwa na Focus Features, ambayo ni tawi la kampuni kubwa ya Universal. Sifa zilikuwa tele, lakini mapato ya mlangoni Marekani hayakufika dola milioni 1.

Hapo yafaa nieleze jinsi mapato ya mlangoni yanavyogawanywa, kwa sababu msomaji akisoma kwamba filamu imeingiza kadha wa kadha hudhani fedha hizo zimemfikia aliyeitunga. Mtazamaji akinunua tiketi, mwenye ukumbi hubaki na takriban nusu. Nusu ya pili humwendea msambazaji, naye hutoa kwanza ujira wake, kisha hujilipa kila alichotumia kwa matangazo na nakala. Kikibaki kitu, hurudishiwa walioweka mtaji, pamoja na nyongeza waliyoahidiwa. Baada yao wote ndipo hufikiriwa mwandishi, mwongozaji na waigizaji waliokubali kupokea kidogo kwa matumaini ya baadaye. Katika filamu nyingi za aina hii mto hukauka kabla ya kufika shamba hilo la mwisho.

Moonlight ni ile ambayo mto wake ulifurika, na kwa hiyo hutajwa na kila mwenye kuomba mtaji. Barry Jenkins na Tarell Alvin McCraney, ambaye maandishi yake ya jukwaani ndiyo asili ya filamu hiyo, wote wawili walikulia Liberty City, mtaa wa watu weusi maskini mjini Miami, ingawa hawakujuana utotoni. Filamu yao ilipigwa papo hapo Miami kwa siku 25, ikagharimu takriban dola milioni 1.5, ikigharimiwa na A24, kampuni iliyoanzishwa mwaka 2012 kama msambazaji tu na ambayo kwa filamu hii ilianza kutoa mtaji wa utengenezaji. Ni habari ya mvulana anayekua kati ya umaskini, mama aliyetekwa na mihadarati na mapenzi asiyothubutu kuyataja, na kilele chake ni katika mkahawa mdogo, mpishi akimwandalia sahani rafiki aliyempoteza kwa miaka mingi.

Tazama jinsi ilivyouzwa. Oktoba 2016 ilifunguliwa katika kumbi 4 tu, na katika siku tatu za mwanzo kumbi hizo zikaingiza dola 402,075, yaani zaidi ya dola 100,000 kwa kila ukumbi. Msambazaji hakukimbilia kuieneza nchi nzima, kwani kila ukumbi mpya ni gharama mpya. Aliiongeza polepole, akiziacha sifa zitangulie na tiketi zifuate, hata ilipotwaa Oscar ya filamu bora mwezi Februari 2017 ikapelekwa katika kumbi zaidi ya 1,500. Hatimaye iliingiza takriban dola milioni 65 duniani kote. Kwa miaka mingi kabla ya hapo wanunuzi wa filamu walikuwa wakiwaambia watengenezaji kwamba filamu yenye waigizaji weusi haivuki mipaka ya Marekani. Katika mapato hayo, zaidi ya nusu yalitoka nje ya Marekani. Kanuni ile ya wanunuzi ilikuwa dhana, nayo iliwanyima riziki watu wengi waliostahili.

Lakini filamu moja haifanyi soko. Filamu hizi ziliposhindwa kumbini zilikuwa na pa kukimbilia: kanda za video, kisha santuri za DVD, zilizokodishwa katika maduka kama lile analofanyia kazi yule mwanamke wa The Watermelon Woman. Mtu aliyeogopa kuonekana akiingia ukumbini alikodi akatazama nyumbani kwake kwa amani. Mauzo hayo yalipoporomoka, makampuni makubwa yalianza kuyafunga matawi yao ya filamu ndogo. Warner Independent na Picturehouse zilifungwa mwaka 2008. Badala yake yakaja makampuni ya kurusha filamu kwa intaneti, ambayo hununua haki zote kwa mkupuo mmoja. Mtengenezaji hulipa madeni yake siku hiyo, na hilo si jambo la kudharau; ila huwa ameuza mti pamoja na matunda ya miaka yote ijayo, na aghalabu hapewi hesabu kamili ya watu waliotazama, hivyo hawezi kwenda kwa mwenye mtaji mwingine akiwa na ushahidi mkononi.

Afrika mambo ni magumu zaidi, kwani mlango huweza kufungwa na serikali. Inxeba ya John Trengove, filamu ya Afrika Kusini ya mwaka 2017 inayomkutanisha mfanyakazi wa ghala na kijana wa tabaka la kati kutoka Johannesburg katika kambi ya jando ya Waxhosa, iliondolewa katika baadhi ya kumbi kwa maandamano, kisha mwaka 2018 ikapewa daraja la filamu za ngono, lililomaanisha kwamba kumbi za kawaida haziruhusiwi kuionesha. Mahakama iliibatilisha hukumu hiyo Juni mwaka huohuo, lakini msimu wa kuiuza ulikuwa umekwisha.

Jirani yetu zaidi ni Rafiki ya Wanuri Kahiu, iliyotokana na hadithi ya Mganda Monica Arac de Nyeko, mshindi wa tuzo ya Caine mwaka 2007. Ni Nairobi, na hapo pana kioski pia: baba yake Kena ana duka dogo mtaani na anagombea udiwani dhidi ya baba yake Ziki, ambaye ni tajiri kuliko yeye, na mabinti hao wa wapinzani wanapendana. Kwa kuwa nyumbani hapakuwa na mfuko wa kuigharimia, mtaji ulikusanywa kwa washirika na mifuko ya nchi nyingi, zikiwamo Afrika Kusini, Ujerumani, Ufaransa, Uholanzi na Norway. Mei 2018 ikawa filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa rasmi katika tamasha la Cannes. Kabla ya hapo, mwishoni mwa Aprili, Bodi ya Uainishaji wa Filamu ya Kenya ilikuwa imekwisha kuipiga marufuku, baada ya mwongozaji kukataa kubadilisha mwisho wake wenye matumaini.

Septemba 21 mwaka huo Mahakama Kuu iliruhusu watu wazima waitazame kwa siku saba, muda uliotakiwa ili iweze kupendekezwa kuwania Oscar. Watu walipanga foleni. Kumbi chache za mijini, bila muda wa kuandaa matangazo, ziliingiza takriban dola 33,000 katika juma lile, nayo ikahesabiwa miongoni mwa filamu za Kenya zilizoingiza fedha nyingi kuliko zote. Kisha ikaondolewa, na mwaka 2020 Mahakama Kuu ikaithibitisha marufuku.

Nimewasikia wenye mitaji wa Nairobi wakisema, kwa kauli ya mtu aliyekwisha kufanya utafiti, kwamba filamu za namna hii hazina wateja hapa kwetu. Nawasihi wamwombe mwenye ukumbi mmojawapo awafungulie daftari la juma lile la Septemba 2018, walisome ukurasa kwa ukurasa, ndipo waseme.